Sarafu Chini ya Barafu

Siku aliyostaafu, hospitali ilimpa Bi Nyuzi saa ya ukutani na hotuba mbili. Hotuba ya kwanza ilimwita nguzo, ya pili ikamwita hazina, na wote wawili waliozisoma hawakuwahi kutia mguu stoo ya dawa hata kuomba kidonge cha kichwa. Mimi sikupewa nafasi ya kusema. Labda ilikuwa heri, maana ningelia mbele za watu, na nilikuwa mkuu wa kitengo. Haya ninayoandika ndiyo ambayo ningeyasema, pamoja na yaliyokuja baadaye.

Jina la Bi Nyuzi lilitokana na nyuzi joto, ingawa wageni walidhani ni fundi cherehani. Alikuwa msaidizi wa famasi kwa cheti, na kazi iliyokuwa yake kuliko zote ilikuwa friji. Kila siku saa moja na nusu asubuhi, hata kabla hajatundika mkoba, alivaa miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, akainama, akasoma kipimajoto, akaandika namba, ambayo haikutakiwa kushuka chini ya mbili wala kupita nane, kwenye jedwali lililobandikwa mlangoni. Saa kumi jioni akarudia. Kila aliyeingia baada yake alipokelewa kwa swali moja: "Leo ngapi?" Hakuuliza kwa kutojua. Alitaka uende ukaangalie kwa macho yako, na jibu lako likitofautiana na lake, mlirudi wote wawili mkainama tena.

Mumewe, fundi bomba, alikuwa amefariki na kumwachia mabinti wawili. Mabinti aliwasomesha. Yeye mwenyewe alitaka kitu kimoja tu: stashahada. Alikuwa na cheti cha mwaka mmoja, na kwa cheti hicho alikuwa amewafundisha kazi wafamasia wengi wenye digrii, ambao baada ya miezi sita waligeuka wakubwa wake na kuanza kumtuma chai. Hospitali ilipeleka masomoni mtu mmoja kila mwaka. Bi Nyuzi aliomba miaka kumi na moja. Mwaka mmoja nafasi ilikwenda kwa dereva wa mganga mkuu, akasomee utunzaji wa kumbukumbu. Bi Nyuzi alimpongeza, akampa na kalamu.

Ndipo nikaja mimi. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, digrii yangu bado inanukia wino, nikiwa na barua iliyosema kwamba mimi ndiye mkuu wa kitengo. Mbele ya wagonjwa aliniita Dokta. Nyuma ya rafu aliniita mwanangu, na hilo la pili lilinikera.

Lililonikera zaidi lilikuwa jedwali lake. Lilikuwa baya kutazama: tano, tatu, saba, tisa, na pembeni ya hiyo tisa maneno ya wino mwekundu, "Mlango uliachwa wazi." Wakaguzi walipopita walisimama hapo hapo, wakauliza maswali, wakaandika. Hospitali ya jirani jedwali lao lilikuwa nne, nne, nne, mwezi mzima kama wanajeshi kwenye gwaride, nao walikuwa na cheti cha pongezi ukutani.

"Mama, si uandike nne tu?" nilimwambia siku moja. "Nani atakufa?"

"Nne ni namba nzuri, mwanangu," akajibu. "Tatizo friji haijui hivyo."

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa watu wazima.

Mwaka ule ule barua yake ilitoka. Mafunzo yalikuwa ya awamu mbili: wiki tatu za kwanza, kisha mapumziko mafupi, kisha miezi tisa chuoni. Masharti yalikuwa mawili. Mwombaji awe hajatimiza miaka hamsini siku ya kuanza awamu ya pili, na kitengo chake kisiwe na taarifa ya upotevu au uzembe ndani ya mwaka huo. Yeye alikuwa na arobaini na tisa na miezi saba. Ilikuwa mwaka huo au basi tena. Aliisoma barua akiwa amesimama, akaikunja, akaifunua akaisoma tena, kisha akaenda kuosha uso.

Kabla ya kuondoka alinikabidhi ufunguo wa friji. "Asubuhi na jioni," akasema. "Usiniangushe."

Ndani ya chumba kidogo cha barafu, sehemu ya juu ya friji, niliona kikombe angavu cha plastiki kilichojaa barafu, na juu ya barafu sarafu moja kuukuu ya aina isiyotumika tena. Nilidhani ni mchezo wa wafagizi. Sikuuliza, kwa sababu mwenye digrii hamuulizi mwenye cheti juu ya kikombe.

Siku mbili za kwanza nilisoma kipimajoto. Ya tatu dirishani kulikuwa na foleni mpaka kwenye ngazi, nikaandika nne bila kuinama. Ya nne nikaandika ya asubuhi na ya jioni kwa pamoja. Ijumaa nikakaa kwenye kiti, nikalibandua jedwali na kulilaza mezani, na nikajaza mpaka siku atakayorudi. Nne, nne, nne. Na ili lisionekane limejazwa kwa mkupuo, nilitumia kalamu mbili, ya buluu na nyeusi, nikizibadilisha. Huo ndio ujuzi niliouongeza kwenye taaluma yangu mwaka ule.

Mwishoni mwa wiki ya pili umeme ulikatika upande wetu wa jengo. Jenereta ilihudumia chumba cha upasuaji peke yake. Mimi nilikuwa nyumbani. Jumatatu nilikuta taa zinawaka na friji inanguruma. Mlinzi aliniambia kwamba kulikuwa na giza. Sikumuuliza lilianza lini wala liliisha lini. Jedwali lilishasema nne.

Alhamisi iliyofuata mama mmoja alijifungua mtoto wake wa kwanza, wa kiume, salama. Kondo la nyuma likatoka, na damu ikafuata, nayo ikawa haikomi. Kuna sindano ya kukaza kizazi cha mama baada ya kujifungua ili damu isimame. Inakaa kwenye friji yetu. Muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi alimchoma ya kwanza, akasubiri, akachoma ya pili, akasubiri, kizazi kikabaki laini vile vile. Wakamkimbiza kwenye upasuaji. Waliokoa maisha yake kwa kukiondoa kizazi. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Mchana muuguzi mkuu alikuja dirishani kwangu na vichupa vitupu kwenye kisahani cha chuma. Mikono yake bado ilikuwa na unga wa glovu.

"Dokta, hizi sindano zenu vipi? Nimechoma mpaka nimechoka. Kama nachoma maji."

Nilikumbuka giza aliloniambia mlinzi. Lakini ulimi ulikuwa umeshatangulia. "Hazijaisha muda," nikasema. "Na joto liko sawa. Njoo uone."

Nikampeleka kwenye jedwali. Aliisoma safu yote kwa kidole, akishuka taratibu. Kisha yule mama mtu mzima, aliyekuwa amezalisha nusu ya mji ule, akainamisha kichwa.

"Nisamehe, Dokta," akasema. "Nilikuwa nimechanganyikiwa tu."

Aliniomba radhi. Nimefanya makosa mengine maishani, lakini hakuna linaloniamsha kama lile neno nisamehe.

Bi Nyuzi alirudi Jumatatu, na mkoba umejaa madaftari. Alikuwa amependeza. Aliniletea kalamu mpya, akaanza kunisimulia kwamba yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote darasani na kwamba vijana walimwita Bibi, akawatoa jasho kwenye mahesabu ya dozi. Huku akisimulia akavaa miwani na kugeukia mlango wa friji. Simulizi ikakatika katikati.

Alizisoma nne zote mpaka chini. Hakunitazama. Alifungua mlango, akafungua na kile chumba cha barafu, akatoa kikombe, akakigeuza chini juu kwenye mwanga wa dirisha. Sarafu haikuwa juu ya barafu tena. Ilikuwa imelala chini kabisa, kwenye kitako cha kikombe, na barafu yote juu yake.

"Unaona?" akasema. "Barafu iliyeyuka ikawa maji, sarafu ikazama. Umeme ukarudi, maji yakaganda tena. Ni siku ngapi ilikuwa maji, hatujui. Ndiyo kazi ya jedwali, kutuambia. Hili lako linasema nne." Akagusa safu kwa kidole. "Na kalamu mbili."

Nikamweleza yote, na habari ya yule mama nikamweleza. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto. Nilitegemea aniambie neno la kunituliza, kwa kuwa watu walisema ana moyo wa upole. Akanitukana. Aliniita mjinga, akaniita mshenzi mwenye joho, akaketi juu ya katoni ya dripu na kulia, na hakumlilia yule mama peke yake. Alijililia pia.

"Miaka kumi na moja," alisema. "Miaka kumi na moja, mwanangu. Ungeniambia tu huwezi, ningemwachia mfagizi."

Nikaona mwanya, nikaupenya. Sijivunii. "Mama, hakuna anayejua," nikanong'ona. "Wapo wanaotokwa damu hata dawa ikiwa nzima. Hakuna daktari anayeweza kuapa kwamba ni friji. Na ukiandika taarifa, wewe huendi chuo. Mwakani umri umeshapita."

Yote niliyosema yalikuwa kweli. Hadi leo hakuna anayeweza kuapa.

Alinyanyuka na kikombe mkononi akaenda kwenye sinki. Akafungua bomba. Akakisogeza kikombe mpaka karibu na maji, na mkono wake ukasimama hapo. Dakika chache tu za maji ya bomba zingetosha: barafu ingeyeyuka, sarafu angeiokota akaitia mfukoni, na mwezi ujao angekuwa darasani akiitwa Bibi. Niliyaangalia yale maji yakipita. Nilimwomba Mungu ayafikishe kwenye kikombe, na nasema hivyo ili mnijue nilivyokuwa.

Alifunga bomba.

"Kwenye friji kuna vichupa vingapi vya ile sindano?" akauliza.

"Arobaini."

"Ina maana kuna wanawake arobaini bado hawajachomwa." Akafuta uso kwa mkono wa koti. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lete fomu."

Aliandika yeye, kwa kalamu aliyoniletea zawadi. Aliandika siku umeme ulipokatika, kikombe, sarafu, vichupa arobaini vilivyotolewa kwenye matumizi. Aliandika kwamba jedwali lilijazwa bila kusomwa, na akaniachia nafasi nitie sahihi mwenyewe. Nilidhani amemaliza. Akaongeza mstari chini, kuhusu yeye: "Nilimkabidhi mwenzangu ufunguo wa friji bila kumweleza sababu ya kikombe wala ya jedwali. Kosa hilo ni langu."

"Mama, hilo usiandike," nikasema. "Wewe hujakosa."

"Niliona majivuno yako nikakaa kimya, nikasema dunia itakufunza," akajibu. "Kumbe dunia ilimtumia mwanamke mwingine."

Mchana ule alinipeleka kitanda namba tisa. Alinishika kiwiko kama mtu anayemvusha kipofu barabara. Yule mama alikuwa ameegemea mto, mtoto yuko kwenye titi, uso wake hauna rangi. Nilimwambia mimi ni nani. Nilimwambia kwamba sindano alizochomwa huenda zilikuwa zimeharibika kwa joto, na kwamba mimi niliandika friji ina baridi bila kuangalia.

Alinitazama bila hasira, na ningeshukuru angekuwa na hasira.

"Kwani kuangalia kunachukua muda gani?" akaniuliza.

Nikamgeukia Bi Nyuzi. Hakunisaidia.

"Dakika moja," nikasema.

Akarudisha macho kwa mtoto wake, akamfunika kichwa kwa ncha ya shuka.

Nilisimamishwa miezi mitatu, kisha nikafanya kazi mwaka mzima chini ya uangalizi, na aliyeteuliwa kuniangalia ni nani kama si Bi Nyuzi. Nafasi ya chuo alipewa mtu wa maabara. Miezi minne baadaye akatimiza hamsini, akaleta keki ndogo, akaikata juu ya meza ya kuhesabia vidonge baada ya kuipangusa kwa spiriti mara mbili. Hakuwahi kunikumbusha. Nilijikumbusha mwenyewe kila alipoinama na ile miwani ya kamba ya kiatu.

Miaka ikaenda. Nikawa mkuu wa kweli, si wa barua. Siku hizi mfamasia asiyekusanya alama za mafunzo endelevu leseni yake haihuishwi, na nikaamua kwamba saa ya kwanza ya mafunzo yetu kila mwaka itakuwa ya kikombe na sarafu, na atakayefundisha ni Bi Nyuzi. Vijana wenye digrii walikaa mbele yake na simu zao, wakaanza kwa kutabasamu. Alipofika kwa mama wa kitanda cha tisa, simu zilikuwa zimelala mezani. Ila fomu ya alama inataka mkufunzi awe na shahada. Kwa hiyo kila mwaka alama za kufundisha somo lile ziliandikwa kwa jina langu. Niliandika barua tatu kupinga. Zilijibiwa kwa heshima kubwa, na hakuna kilichobadilika.

"Acha, mwanangu," aliniambia. "Alama hazipoozi friji."

Akastaafu na saa yake ya ukutani. Mwaka jana akarudi kwetu, safari hii kwa mlango wa wagonjwa. Kisukari kilikuwa kimempanda, na mguu ulikuwa na kidonda. Kila asubuhi kabla ya chai alichomwa sindano ya sukari kutoka kwenye friji yangu, na kila asubuhi nilimpelekea mwenyewe. Aliuliza kabla sijamwamkia vizuri: "Leo ngapi?" Nikamjibu tano, au sita na nusu, ndipo akanyoosha mkono.

Asubuhi moja niliinama mbele ya friji saa moja na nusu. Siku hizi kipimajoto chetu kinakumbuka namba ya chini kabisa iliyofikiwa. Kilisoma nne. Nikabonyeza kitufe cha kumbukumbu: hasi mbili. Mtambo ulikuwa umepitiliza baridi, kisha ukajirudi wenyewe. Sindano ya sukari ikiganda hata mara moja haifai tena, lakini ikishayeyuka huwezi kuitofautisha na nzima. Nilizishika kwenye mwanga. Zilikuwa safi. Wodini sukari ya Bi Nyuzi ilikuwa imepanda hadi ishirini na saba, na muuguzi alishapiga simu mara mbili.

Mlangoni namba ilikuwa nne, ya kweli kabisa. Ningeweza kuiandika nne ile na nisiwe nimedanganya.

Nilizitoa zote. Nikajaza fomu, nikatuma gari hospitali ya jirani na kasha la baridi, mwendo wa saa tano kwenda na kurudi. Kisha nikapanda wodini mikono mitupu.

Alikuwa amelala chali, midomo imekauka, dripu ikitiririka. Binti yake mkubwa alikuwa ameketi pembeni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Leo ngapi?"

"Nne. Lakini usiku ilifika hasi mbili. Ziliganda, Mama. Nimezitoa zote. Gari limeshaondoka kufuata nyingine, litarudi saa saba."

Binti akaruka. "Saa saba? Dada, huoni hali yake? Si umpe hizo hizo? Nani atajua?"

Niliogopa. Niliogopa kwamba mama huyu atanifia kwa sababu ya namba, na kwamba safari hii nitakuwa nimeandika kweli. Bi Nyuzi aliinua kidole, binti yake akanyamaza.

"Umeandika?" akaniuliza.

"Nimeandika."

"Kalamu ngapi?"

Miaka yote ile hakuwahi kulitaja.

"Moja, Mama," nikasema, na machozi yakanitoka mbele ya wodi nzima.

"Basi nitasubiri," akasema, akafumba macho.

Nikavuta kiti upande wa pili wa kitanda, mkabala na binti yake asiyetaka kunitazama, tukasubiri naye. Kasha lilifika saa saba na dakika ishirini. Nililifungua pale pale kitandani, nikavaa miwani, nikasoma kipimajoto cha ndani kwa sauti. Tano. Bi Nyuzi akamwashiria binti yake ainame, akiangalie naye.

"Tano," binti akasema.

Ndipo Bi Nyuzi akanyoosha mkono.